Wakili Aliyebaki Nje ya Mlango

Deo alipoingia uani kwangu mwezi uliopita, sikumtazama usoni. Nilitazama viatu vyake. Vilikuwa vinang'aa kama zamani, ingawa mvua ilikuwa imenyesha tangu alfajiri na njia zote za mtaa wetu wa Nyamianda, hapa Uvira, zilikuwa tope tupu, na nikajua kwamba ameshuka kwenye pikipiki hapo kwenye kona, akavifuta kwa kitambaa, kisha akaja kwa miguu akiruka madimbwi. Nilitaka kucheka. Mwanamume huyu tuliachana mbele ya hakimu wakati wa vita, mimi nikiwa bado kijana, na sasa alikuwa amekuja kwa shughuli ya mahari ya binti yetu Neema. Nywele zimekuwa nyeupe, mgongo umeanza kupinda, lakini viatu ni vilevile. "Jambo, Mama Neema," akasema. Nikamkaribisha, nikamwonyesha kiti, naye akavuta suruali kidogo magotini kabla ya kukaa ili isikunjamane. Hilo nalo nililijua. Kuna wakati nilimjua Deo kuliko alivyojijua mwenyewe, na haikuwa kwa mapenzi, maana mapenzi yalikuwa yamekwisha. Mzee mmoja aliyekuwa wakili wangu alinilazimisha kuwa Deo, sebuleni kwake, kwa karibu mwaka mzima. Huo ndio mwaka ninaotaka kuusimulia.

Tulivyokutana na tulivyooana nitayaruka, hayo yanafanana kwa watu wote. Inatosha kusema kwamba tulioana Bwegera, kwetu bondeni, kwa mila na kwa komini, yaani ofisini kwa serikali, ng'ombe akatoka kwao akaja kwa baba yangu, Neema akazaliwa, na padri akatuambia ndoa ya kanisani tungeifunga baada ya kuvuna mpunga. Vita vikafika kabla ya mavuno. Deo akavuka kwenda Bujumbura atutafutie pa kukaa, ndivyo alivyosema, na alipopata pa kukaa tukasikia kwamba ndani mna mwanamke tayari. Mimi nikashuka Uvira na mtoto mgongoni, nikapata chumba nyuma ya nyumba ya fundi cherehani, chumba chenye dirisha dogo lililozibwa kwa kipande cha bati. Humo ndimo mabukwe, yaani mama mkwe wangu, aliponikuta. Alikuja peke yake, amevaa vitenge vyake vya kanisani, akakaa juu ya ndoo niliyoipindua kuwa kiti, akakataa chai. "Minye sikuje kugombana," akasema. "Weye uko na maisha yako, endelea nayo. Lakini mutoto ni wa ng'ombe yetu. Barabara ikitulia, nitakuja kumuchukua." Neema alikuwa hajafikisha miaka mitatu. Alikuwa chini anakula ugali wa mihogo kwa ndagala, wale dagaa wa ziwani, na bibi yake akainama akamfuta mdomo kwa pembe ya kitenge, taratibu, kwa upole kabisa. Upole ule ndio ulionitia hofu, kwa sababu mtu mkali ningemfukuza.

Kwa wasiojua mambo ya kwetu bondeni, niseme hivi. Ng'ombe anapotoka kwa mume kwenda kwa baba wa mke, watoto wanahesabiwa ni wa upande wa mume. Mke akitaka kuondoka, wazazi wake wanamrudisha ng'ombe kwanza, ndipo watu wanaweza kukaa na kuzungumza habari za mtoto. Lakini ng'ombe wetu, ambaye jina lake lilikuwa Gaju kwa sababu ya rangi yake nyekundu ya udongo, alikuwa ameliwa na askari waliopita kwa baba yangu, na hawakuacha hata ngozi. Wazee wa pande mbili walikutana mara moja tu, katika utulivu mfupi, wakanisikiliza kwa adabu, wakaniuliza swali moja: ng'ombe yuko wapi? Nilipowajibu, wakasema basi mtoto ataenda kwa bibi yake. Hawakuwa na chuki na mimi. Mmoja alinipa hata nauli ya kurudi Uvira. Nilipanda gari la mizigo nikiwa nimemshika Neema kwa nguvu mpaka akalalamika kwamba namuumiza.

Fundi cherehani ndiye aliyeniambia niende kwa wakili, Maître Ramazani. "Avoka benye bako na bureau bote bamekimbia," akasema huku mguu wake ukiendelea kukanyaga cherehani. "Amebaki huyu muzee. Yeye anafanyiaka kazi ku nyumba." Nilimwambia kwamba mawakili ni wa watu wenye nyumba za ghorofa. Akasema, "Weye nenda. Bibi yake hatakuacha urudi na njaa," akimaanisha mke wa mzee. Kwa kweli nilikwenda kwa ajili ya neno hilo la mwisho, maana wiki ile tulikuwa tunakula mara moja kwa siku. Nyumba ilikuwa hapohapo Nyamianda, nyumba ya zamani ya Waislamu wafanyabiashara, yenye baraza ndefu na mlango wa mbao uliochongwa maua. Ofisi ya Maître karibu na mahakama ilikuwa imeporwa, wakachukua viti, meza na mwishowe hata mlango, kwa hiyo alihamishia kazi sebuleni, nyuma ya pazia la kijani. Viti havikutosha. Wateja tulisubiri nyuma, jikoni kwa Mama Zaituni, mke wake, na Mama Zaituni hakuweza kuvumilia kuona mikono imekaa bure. Ukifika tu unapewa kisu na majani ya mihogo ya kupika sombe, au sinia la mchele uondoe mawe. Tulikuwa wanawake wa kila namna pale, wa mlimani, wa bondeni, wa ziwani, tumekaa kwenye mkeka tunachambua mchele, na kila aliyeingia nyuma ya pazia tulimsikia neno kwa neno, kwa sababu pazia ni kitambaa tu. Kulikuwa na mama mmoja ambaye mume wake alitangazwa amekufa, akaombolezewa vizuri, kisha akarudi na kumkuta ameolewa na jirani. Tulimsikia akimwambia Maître, "Anasema anataka bibi yake. Aseme kwanza marehemu alikuwa wapi." Mkeka mzima ulicheka, na kutoka nyuma ya pazia tukasikia Maître naye akikohoa kicheko chake.

Nilipoingia mimi nilikuta mzee mwembamba mwenye kofia nyeupe na miwani iliyofungwa kwa uzi, amekaa kwenye kiti pekee kilichobaki, na mgeni anakaa kwenye kitanda cha kamba. Akaniuliza nataka nini. Nikasema nataka talaka. Akaandika kitu, akainua kichwa, akauliza tena, "Unataka nini?" Nikadhani hasikii vizuri. Nikapaza sauti, "Talaka, Maître." Akasema, "Nimesikia. Bibi wengi banakuja hapa na kile neno. Lakini ile inakutoa usingizi ni nini?" Nikasema ni mtoto. Nilipotamka jina la Neema nikaanza kulia, nikalia vibaya, pua na kila kitu, na Mama Zaituni akaingia bila kuitwa akaniwekea mapajani bakuli la maharage na ndizi. "Kula kwanza," akasema. "Kesi haikimbie." Sikuweza. Nilikunja chakula kile katika jani la mgomba nikampelekea Neema, na Mama Zaituni aliniona. Hivyo ndivyo nilivyopata wakili. Malipo tulipatana yawe mchele wa Bwegera kila nitakapoweza kuupata, naye hakuniuliza tena habari hiyo.

Nilikuwa na wazo moja kichwani kuhusu mawakili, na nadhani nusu ya wanawake wa mkekani walikuwa nalo pia. Nilidhani ukishapata wakili, kinywa chako kinapumzika. Yeye atasema, wewe utakaa nyuma yake umefunga kilemba vizuri. Basi siku Maître aliponieleza jinsi mambo yatakavyokwenda, nilihisi nimeibiwa. Alisema kabla hakimu hajavunja ndoa, lazima awaite mume na mke mbele yake ajaribu kuwasuluhisha, na siku hiyo wanaingia wao wenyewe. Wakili haingii. Akitaka hakimu anaweza kumwita mtu wa ukoo, lakini wakili anabaki nje. "Na mule ndani njo kila kitu kinaamuliwaka," akasema, yaani humo ndimo kila kitu huamuliwa. "Huko mbele ni kuandika tu ile mulishasema." Nikamuuliza basi mchele wangu ni wa nini. Akavua miwani akaifuta kwa kanzu. "Mchele wako ni wa hapa," akasema, akigonga ubao wa kitanda nilichokalia. "Hapa njo tutashinda ao tutashindwa. Sasa simama. Leo weye ni Deo. Niambie juu ya nini unataka mutoto."

Nilimcheka. Kisha nikaona hachezi, nikasimama nikajaza kifua, nikafanya sauti nene, nikasema mimi Deo ni mwanamume, mwanamume hadaiwi maelezo, mtoto ni wangu basi. Jikoni walicheka sana na mimi nikajisikia nimefanya vizuri. Maître hakucheka. "Huyo ni Deo wa hasira yako," akasema. "Ukienda na huyo mbele ya juji, Deo wa kweli atakuja amekaa pole, amevaa vizuri, na juji atauliza: huyu bibi anasema juu ya nani? Rudi nyumbani. Uniletee mwenyewe." Nikaondoka nimenuna. Niliona mzee ananichezea, na tena nilichukia jambo lenyewe, kumvaa mtu aliyeniacha na mtoto katikati ya vita na kujaribu kuona kwa macho yake. Kwa nini nimhangaikie yeye? Nani alikuwa anakaa chumbani Bujumbura akijaribu kuwa mimi? Nilimwuliza Mama Zaituni swali hilo huku tunatwanga sombe, naye akasema, "Hakuna. Njo maana utamushinda."

Miezi ikapita hivyo. Barabara ya bondeni ilifungwa ikafunguliwa, ikafungwa tena, na kila ilipofunguliwa mimi nilifurahi kwa ajili ya mchele na kuogopa kwa ajili ya mabukwe. Kila nilipokwenda kwa Maître, nilisimama kati ya kitanda na pazia nikawa Deo. Alinirekebisha kama mwalimu wa kwaya. Deo anakaaje? Anaanza na salamu au anaanza na neno? Akidanganya anatazama wapi? Na mimi, pole pole, nikaanza kukumbuka vitu ambavyo sikujua kwamba nimeviweka. Kwamba Deo anavuta suruali magotini. Kwamba siku tuliyokimbia risasi mara ya kwanza, watu wanabeba magodoro, yeye alirudi ndani kuchukua kiwi ya viatu. Kwamba mbele ya mama yake sauti yake inashuka, na mikono anaiweka nyuma. Wakati mwingine Mama Zaituni alikuwa mabukwe, akisimama mlangoni na mwiko mkononi, akiniuliza, "Deo, mwanangu, ng'ombe iko wapi?" Mara ya kwanza nilijibu haraka. Lakini ilikuja siku moja, ndagala wanakaangwa, moshi umejaa sebuleni, Mama Zaituni akauliza tena vilevile, "Iko wapi?" na mimi nikajikuta nimeweka mikono nyuma, natazama vidole vyangu vya miguu. Nikasema, bila kupanga, "Mama, usinitazame vile." Nikakumbuka Gaju alikuwa ng'ombe wa nani. Hakuwa wa Deo wala wa baba yake. Alikuwa wa mabukwe, ndama aliyefiwa na mama, aliyemlea kwa kumnywesha maziwa katika kiganja cha mkono wake, na akamtoa ili mwanawe aoe kwa sababu hapakuwa na mwingine. Siku Gaju alipoletwa kwetu, mabukwe alitembea naye njia nzima akimwimbia, na mimi bibi harusi niliona ni kichekesho cha mzee. Nikamwambia Maître, kwa sauti yangu sasa, "Hataki mutoto. Hajui hata kumufunga nepi. Anaogopa mama yake." Maître akavaa miwani yake. "Na mama yake?" akauliza. Nikasema mama yake anataka kitu chake kisipotee bure. Mzee akaita kuelekea jikoni, "Zaituni, Deo amefika. Umupe chakula." Nilikula kidogo, nusu nikampelekea Neema.

Siku ya kuitwa ilifika mwisho wa kiangazi. Sehemu ya mbele ya mahakama ilikuwa imejaa mizigo ya askari, kwa hiyo hakimu alikuwa anafanya kazi katika chumba cha nyuma kilichokuwa ghala, chenye meza kubwa, viti vya kuazimwa na dirisha la upande wa ziwa. Deo alikuwa amefika kabla yangu akiwa na mama yake. Alikuwa safi, amekaa pole, amevaa vizuri, kama Maître alivyosema. Mabukwe aliambiwa asubiri kwenye ukumbi, na Maître Ramazani akakaa sakafuni hukohuko ukumbini, mgongo ukutani, amekunja kanzu yake magotini. Hakimu, bwana mnene wa sauti ndogo, aliuliza kwanza kama tunaweza kurudiana. Deo akasema hapana, akitazama dirisha. Mimi nikasema hapana. Hakimu akaandika. Kisha akauliza habari ya mtoto, na Deo akaanza kusema maneno mazuri juu ya ukoo na jina na shule za Bujumbura, akafika katikati ya sentensi, milio ya risasi ikaanza mlimani.

Sote tulijua la kufanya, hakuna aliyehitaji kuambiwa. Tulilala chini, hakimu akaingia chini ya meza yake, na mlango ukafunguka mabukwe akaingia kwa magoti na mikono, akajilaza kando ya mwanawe. "Maître, ingia," hakimu akaita. Kutoka ukumbini ile sauti kavu ikajibu, "Hapana, Bwana Juji. Leo sina ruhusa." Hakimu akasema hii ni risasi, si mchezo. Maître akasema anajua, na kwamba amelala vizuri hapo alipo. Baadaye alinieleza kwamba angeingia hata kwa dakika moja, kesho yake mtu yeyote angeweza kusema mapatano yale ni batili kwa kuwa wakili wa mke alikuwa ndani. Wakati ule sikujua hilo. Niliona tu kofia yake nyeupe kwenye upenyo wa mlango, sakafuni, haisogei, na nikawaza kwamba mzee huyu atakufa kwa ajili yangu, na nikaogopa kuliko nilivyoogopa risasi. Mbele ya pua yangu vilikuwa viatu vya Deo. Kimoja kilikuwa kimechubuka alipojitupa chini, na hata pale, plasta ikituangukia vichwani, alikuwa anakisugua kwa kidole gumba. Nilimwonea huruma. Sikuwa nimepanga kumwonea huruma, lakini ilikuja yenyewe.

"Mama," hakimu akaniuliza kutoka chini ya meza, milio iliposogea mbali kidogo, "weye unasemaje?" Nilikuwa na maneno yangu tayari, mengi, na ya kweli. Nikasema, "Bwana Juji, niache niseme ya Deo. Yangu itakuja nyuma." Hakuna aliyenizuia. Nikageuza uso upande wa mabukwe, shavu langu likiwa kwenye saruji. "Mama," nikasema, "Gaju ilikuwa yako. Weye njo ulimunywesha mu mukono. Ulinipa nioe, na minye sikukuuliza kama inakuuma. Sasa ng'ombe haiko, bibi haiko, na minye niko Bujumbura mu nyumba ya muntu. Naogopa kurudi kwako mikono mitupu. Njo maana nasema nataka mutoto." Deo aliacha kusugua kiatu. Nikafikiri nimeharibu kila kitu, kwamba atainuka anipige palepale mbele ya hakimu. Kisha akasema, kwa ile sauti yake ya chini ya mbele ya mama yake, "Ni vile, mama."

Mabukwe alikuwa analia kimya, na nilipoona machozi yake yakiingia katika vumbi la sakafu nikaelewa kwamba hakuna mtu, katika ukoo wote ule na wazee wote wale waliouliza ng'ombe yuko wapi, aliyewahi kumwambia pole kwa Gaju. Mimi pia sikuwahi. Nikamwambia pole. Nikamwambia askari walipomchukua, baba yangu alitembea nyuma yao mpaka walipomtishia bunduki. "Haujaniambia ile," akasema. Hakimu akauliza taratibu kitu gani kingemtosha. Akasema, "Gaju arudi." Nikamwambia hatarudi, lakini Neema akikua akiolewa, ng'ombe wake ataenda kwa mabukwe moja kwa moja, hata kama ni mimi niliyemlea, na wa kwetu hawatadai hata mkia. Kwetu hilo si neno dogo, maana waliomlea binti ndio wanaokaa mbele siku ya mahari. Mabukwe akafikiri. Akajifuta uso na vumbi pamoja. "Iwe nyekundu," akasema. Deo akasema, "Mama," kwa aibu, na hakimu, akiwa bado chini ya meza, akaanza kupapasa juu akitafuta kalamu.

Tulipotoka milio ilikuwa imekoma na wanawake walikuwa wameshaanza kurudi barabarani na mabeseni yao. Maître alisimama kwa shida, nikampangusa kanzu. Yeye akaniuliza tu kama nilikumbuka kuanza na salamu. Hati za talaka zilikuja baadaye, baada ya vikao vingine viwili ambavyo yeye aliruhusiwa kusema, akasema kwa ufupi sana, na mtoto akaandikwa kubaki kwangu. Usiku wa siku ile Neema alilala ameweka mguu wake juu ya tumbo langu, na mimi, kwa mara ya kwanza tangu ile ndoo na kile kitenge, nililala.

Nisidanganye, hofu haikuisha yote. Ilibaki kipande. Kila barabara ilipotulia nilisikiliza hatua za mtu uani. Neema alipokua na kujua habari hii alinitania mpaka nikachoka. "Kwa hiyo muliniweka rehani mu sakafu," anasema, "na nisipoolewa?" Nilimwambia asipoolewa nitanunua ng'ombe mwenyewe, na kweli nilianza kuangalia bei sokoni, kwa sababu sikutaka msichana aolewe ili mimi nipumue. Akasoma uuguzi, akakataa wanaume kadhaa ambao mimi niliwapenda, akampata mmoja ambaye sikumpenda mwanzoni na sasa nampenda. Familia ya kijana ilitaka kuleta dola kwenye bahasha, kama wanavyofanya watu siku hizi. Nikawaambia hapana. Ng'ombe mzima, mwenye miguu, na awe mwekundu. Walidhani nimechanganyikiwa.

Basi ndiyo sababu Deo alikuwa uani kwangu na viatu vyake. Maître Ramazani amekufa zamani, tulimzika sisi wanawake wa mkekani tukiwa wengi kuliko ndugu zake, lakini Mama Zaituni alikuwepo, macho yamefifia, amekaa karibu na jiko kwa mazoea akiuliza kama mchele umechambuliwa. Na mabukwe alikuwepo. Aliletwa katika gari dogo kutoka Bwegera, mwepesi kama mtoto, wakamkalisha kwenye kiti chenye mito. Maneno ya wazee yalipokwisha, kijana mmoja akamleta ng'ombe kwa kamba, mwekundu kweli, mwenye doa jeupe kwenye paji. Mabukwe akaomba asogezwe. Akaweka kiganja chake chini ya pua ya yule ng'ombe, kikavu, bila kitu ndani, na ng'ombe akakilamba. Akamshika shingo, akamwambia maneno ya Kirundi ambayo sikuyasikia yote, ila lile jina nililisikia.

Kisha akageuka akanitafuta kwa macho mpaka akanipata. Nyuma yangu Neema alikuwa amesimama na mume wake, amevaa vitenge vya watu wa huko anakokwenda, mabegi yake yako tayari mlangoni. Mabukwe akainua mkono akaniita. Nilikwenda nikapiga magoti mbele yake, nikifikiri labda doa lile jeupe limemchukiza.

"Haya," akasema. "Sasa mutoto ni wako."

Nilimtazama. Hakuwa anatania. Nikatazama nyuma, nikamwona Neema na mabegi yake, naye alikuwa amesikia, amejiziba mdomo kwa kiganja, mabega yanatikisika. Nikaanza kucheka. Nilicheka mpaka nikakaa chini kabisa kwenye udongo na nguo yangu ya sherehe, nikacheka na kulia pamoja, na Deo akaja na kitambaa chake cha viatu akanipa nifute uso. Mama Zaituni akauliza kule jikoni ni nani analia. Wakamwambia ni Mama Neema. Akapakua sahani, wali wa Bwegera, sombe na kipande kikubwa cha samaki, akamwambia mtu ailete, kisha akabadili mawazo akaileta mwenyewe, akipapasa ukuta, akaniwekea mapajani. Nikanawa mikono, nikala yote, sikumwekea mtu.